Maji Yapite Wapi

Harufu ya maji ya rejeta yaliyochemka haifanani na harufu nyingine yoyote. Ina kutu ndani yake, ina mpira ulioanza kuungua, ina mafuta machafu ya injini, na juu ya vyote hivyo, kwa gari la baba yangu, ilikuwa na utamu mzito wa mawese. Baba alikuwa akinunua mawese Simbo na vijiji vya jirani, akiyaleta Ujiji kwa madumu na mapipa, na kwa miaka mingi mafuta hayo yalimwagika kidogo kidogo kwenye bodi la pikapu yake mpaka mbao zikawa nyekundu na nzi wakazifanya makao. Kwa hiyo gari lilipochemka, mvuke uliotoka chini ya boneti ulinuka kama jiko ambalo mtu amesahau sufuria juu yake. Hata leo nikipita karibu na gereji yoyote ya huku Gungu, ninakoishi, na harufu hiyo ikanifikia, natabasamu peke yangu, na vijana wa bodaboda wanaonijua wameshazoea kuniona hivyo. Harufu hiyo kwangu ni kiangazi kimoja nilipokuwa darasa la nne, Bibi yangu mzaa mama akiwa amekwama nyumbani kwetu Ujiji na Baba akihangaika kumrudisha kwake.

Gari lenyewe lilikuwa la kijani na lilizeeka kabla sijazaliwa. Lilitengenezwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, na Baba alilinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu, kiasi kwamba hakuna aliyejua tena lilifikaje ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Lilikuja likiwa na hita, yaani kile chombo cha kumpashia dereva joto kwa kutumia maji ya moto yanayotoka kwenye injini. Hebu fikiria, hita, Ujiji, mahali ambapo mtu huamka asubuhi shuka limelowa jasho. Baba alipolipata tu gari, fundi aliing'oa ile hita ikatupwa stoo, na mipira miwili iliyokuwa ikipeleka na kurudisha maji yake ikazibwa kwa vipande vya mti vilivyochongwa vizuri na kukazwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Hapohapo akatoa na thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, kwa sababu mafundi wa kwetu wakikuta thamostati huitoa kama mtu anavyotoa mwiba mguuni. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Barabara ya Simbo haina mlima wa kutisha, Baba alikuwa akisimama kila baada ya nyumba chache kupakia dumu, na gari liliishi kwa raha zake bila hita miaka yote hiyo.

Bibi alikuwa Muha wa Kalinzi, kule juu milimani, ambako asubuhi ukungu hulala shambani na watu huota moto kabla ya kunawa uso. Alikuwa na shamba la kahawa, si kubwa, lakini aliijua miti yake mmoja mmoja kama mwalimu anavyowajua wanafunzi watukutu. Wakati wa mvua za mwaka ule aliteleza kwenye mteremko wa shamba akavunjika paja. Akateremshwa hospitali Kigoma mjini, akalazwa muda mrefu, na aliporuhusiwa Mama akamleta nyumbani kwetu apate nguvu. Mguu uliunga vizuri. Kilichomshinda Bibi ni Ujiji yenyewe. Alisema joto la kwetu linaingia mpaka masikioni. Alisema dagaa wana macho mengi mno kwa chakula cha mtu mmoja. Asubuhi alikuwa akikaa barazani na fimbo yake, ametazama upande wa milima ambayo kutoka kwetu haionekani, na ukimuuliza anatazama nini alijibu kwamba anatazama kwao.

Sasa, Baba na Bibi walikuwa wakwe, na wakwe wa zamani hawakuwa mchezo. Baba alikuwa Mmanyema, babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo, lakini katika jambo hili Wamanyema na Waha wa wakati ule hawakupishana hata kidogo. Mwanamume hakumtazama mama mkwe wake usoni, hakula mbele yake, wala hakumsemesha moja kwa moja. Katika nyumba yenye vyumba vingi hilo halina shida. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na kati ya sebule na chumba alicholala Bibi kulikuwa na pazia tu la maua ya zambarau. Baba akitoka kazini alikohoa tangu njiani, Bibi akajifunika khanga na kugeukia ukutani, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Nilisimama pazia likiwa begani, mguu mmoja huku na mmoja kule. Baba aliniambia, mwambie Bibi yako shikamoo. Nikamwambia. Bibi alijibu kwa Kiha, nami nikampelekea Baba jibu kwa Kiswahili, ingawa Baba alikijua Kiha chote kwa sababu ya kuzunguka vijijini, na Bibi alikielewa Kiswahili isipokuwa hakupenda kukisema. Wote wawili walikuwa wamesikia kila kitu. Lakini nisipofikisha ujumbe, kila mmoja alisubiri kwa adabu, na ningeweza kuwaacha hivyo mpaka ubwabwa upoe. Niliipenda sana kazi ile. Mimi ni msemaji tangu kuzaliwa, na nakiri kwamba salamu za Baba zilifika kwa Bibi zikiwa tamu zaidi ya zilivyoondoka.

Kahawa ikaiva. Watu wa Kalinzi walioshuka sokoni walituletea habari kwamba punje zimekuwa nyekundu, na tangu siku hiyo Bibi hakutulia. Shida ilikuwa jinsi ya kumpandisha. Magari yaliyokwenda huko yalijazwa watu na mizigo mpaka milango ikafungwa kwa kamba, na daktari alikuwa amekataza kabisa mguu ule ukunjwe au ukaliwe. Baba alikuwa ameahidi tangu Bibi akiwa wodini, kwa kupitia kwangu, kwamba kahawa ikiiva atampeleka mwenyewe kwa gari lake. Ahadi kwa mkwe haipindishwi. Na Bibi naye hakuficha alichokuwa akikiogopa. Siku moja alimwambia Mama, mimi nikiwa nachambua mchele pembeni, "Nikifia huku mtanizika mchangani, na mimi nimezoea udongo." Mama akamwambia aache maneno hayo. Bibi akasema si maneno, ni mchanga. Niliogopa siku ile, kwa sababu niliona Mama akichukua ungo wangu na kuanza kuchambua tena mchele niliokwisha kuuchambua.

Tukaondoka. Ndani ya gari kulikuwa na kiti kimoja kirefu, Baba kwenye usukani, Bibi dirishani amenyoosha mguu wake, na mimi katikati kuwa pazia. Mama alikaa nyuma kwenye bodi pamoja na godoro, ndizi na furushi la Bibi. Mpaka Mwandiga safari ilikuwa nzuri. Wakati huo lami ilikuwa haijafika, na mara tu barabara ilipoanza kupanda, mshale wa joto ukaanza kupanda nao. Baba akapunguza mwendo. Mshale haukupunguza wake. Kwenye mpando wa tatu au wa nne mvuke ukafumuka chini ya boneti, ile harufu ikatujia, na gari likasimama likitweta kama mtu mnene. Tulisubiri, tukajaza maji ya mtoni, tukapanda kidogo, likachemka tena. Mwishowe Baba akaligeuza. Kushuka halikuchemka hata kidogo, lilikimbia kama linalokwenda harusini mpaka nyumbani. Bibi hakulifungua furushi lake. Aliliweka karibu na mlango, kwa sababu alijua tutajaribu tena.

Fundi wetu aliitwa Kabwe, mtu wa kicheko kikubwa aliyekuwa na gereji nyuma ya soko. Yeye na Baba walishika gari lile kama madaktari wanaogombea mgonjwa. Kabwe alianza na mkanda wa feni, akasema umelegea, akaubadilisha. Akaja kwenye mfuniko wa rejeta, akasema haushiki presha, akaleta mwingine. Akaitoa rejeta yenyewe, akaisafisha kwa kuisukumia maji kutoka chini kwenda juu, yakatoka matope ya rangi ya chai. Akafungua wota pampu, yaani pampu ya maji, akaitazama huku na huku, akasema ni nzima na akaonekana kusikitika kwamba ni nzima. Baba alikuwa akirudi jioni mikono imejaa mafuta, na nyuma ya pazia Bibi aliniuliza kwa sauti ya chini kama gari limepata nafuu, vilevile kama watu walivyokuwa wakimuuliza yeye alipokuwa hospitali. Nilimwambia linaendelea vizuri. Alifurahi, akanituma nimwambie Baba apumzike.

Tulijaribu mara ya pili tukiwa na imani kubwa. Kabwe mwenyewe alikuja, akakaa nyuma na Mama, akiimba. Kwenye mpando uleule, karibu na doa la maji tuliyomwaga mara ya kwanza, gari likachemka. Kabwe akaacha kuimba. Alishuka, akashika rejeta kwa kiganja, akasema kwa mshangao kwamba haina hata joto la kumwogeshea mtoto, sasa huu moto unatoka wapi. Tukarudi tena, na safari hii tulipofika nyumbani Bibi alifungua furushi lake. Alitoa khanga zake akazitundika kwenye kamba, akapanga vikombe vyake viwili dirishani, akamwomba Mama amfundishe jinsi ya kupika dagaa. Mama alikwenda jikoni akalia. Mimi nilikaa naye nikalia pia, na nililia zaidi kwa vile vikombe kuliko kwa kitu kingine chochote, kwa sababu vilikaa pale dirishani kama vitu vya mtu aliyekubali.

Siku iliyofuata, kabla jua halijazama, Baba aliketi sebuleni bila kuwasha redio. Bibi aliniita, akasema nimuulize baba yangu gari linaumwa nini hasa. Nikamuuliza. Baba aliona aibu, niliona alivyojikuna shingo. Alianza kutaja vyote walivyovitazama, nami nikavipeleka kimoja kimoja, mkanda, mfuniko, rejeta, pampu, na kila kimoja Bibi alikiitikia kwa heshima kana kwamba ni jina la ndugu wa Baba. Halafu Baba akasema, "Mwambie Bibi yako kila kitu kimetazamwa. Kisichokuwepo ni hita tu, na hiyo tuliiziba zamani." Nikageuza kichwa upande wa pili wa pazia nikasema kwa kifupi, maana nilikuwa nimechoka, kwamba Baba anasema hita waliiziba.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo asiyejua Kiha hawezi kulifahamu. Kwa Kiha, hita maana yake ni pita. Ukitaka kumwambia mtu apite, unamwambia hita. Bibi hakuwahi kusikia habari za chombo cha kupasha joto gari, na angesikia angecheka. Alichosikia yeye ni kwamba watu wazima, wenye akili zao, waliziba kupita. Kisha akauliza kwa Kiha, taratibu, kwa mshangao wa kweli, nami nikampelekea Baba kwa Kiswahili: "Bibi anasema, kama mliziba kupita, maji yapite wapi?"

Baba alianza kucheka. Alikuwa ameshasikia na kuelewa kosa lilipotokea, na kicheko kilimtoka puani kwanza, kwa adabu, kisha kikaanza kumshinda. Halafu kikakatika katikati. Alikaa mdomo wazi, ananitazama lakini hanioni. Nilidhani nimeharibu kazi yangu ya ujumbe. Akaniambia polepole nimwambie Bibi yangu kwamba ameuliza vizuri, na kwamba jibu atalipata kesho. Akatoka nje, akafungua boneti, akasimama pale ameinamia injini baridi mpaka Mama akampelekea chakula chake hukohuko.

Asubuhi aliliwasha gari likiwa limesimama uani, akaliacha liungurume mpaka mshale ulipoanza kuinuka. Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji. Aliniambia nishike rejeta, nikaishika, ilikuwa ya vuguvugu. Kisha akachovya vidole kwenye kikombe akarashia maji mwisho wa injini, kule nyuma karibu na miguu ya dereva, ambako ile mipira miwili ya hita ilianzia. Maji yakalia chaa na kukauka papo hapo. Akarashia mbele, yakachirizika tu. Alirudia mara kadhaa kama mchezo, nyuma yanalia, mbele yananyamaza, na kila mara alinitazama kuhakikisha kwamba nami nimesikia. Kumbe maji yalikuwa yakizunguka mbele tu, baina ya pampu na rejeta, na yale ya nyuma yalikaa palepale yakipikwa mpaka yakawa mvuke. Njia yao ya kutokea ilikuwa ile mipira iliyozibwa. Waliolitengeneza gari waliifanya hita iwe ya kupasha watu joto, ndiyo, lakini pia iwe mlango wa nyuma wa maji. Kwenye barabara tambarare ya Simbo injini haikupata moto wa kutosha kulalamika. Injini ilipopoa, Baba alichomoa kipande kimoja cha mti, na likatoka tope zito la kahawia likifuatwa na upepo uliopiga kelele kama mtoto anayecheua. Kabwe alipoletwa kuona, alikaa chini kabisa, mgongo kwenye tairi, akacheka mpaka akafuta machozi. Yeye ndiye aliyekichonga kile kipande cha mti.

Wangeweza kuunganisha ile mipira miwili kwa mpira mmoja, na Kabwe alikuwa ameshaanza kuukata. Mama ndiye aliyesema hapana. Alisema mama yake anarudi kwenye baridi akiwa na mfupa uliounga juzi, na kama chombo cha kupasha joto kipo, basi kirudishwe. Ikabidi hita itafutwe stoo. Ilipatikana, isipokuwa kuku wa Mama alikuwa ameifanya kiota na amelalia mayai, na hakukubali kuondoka mpaka aliposhikwa na watu wawili. Alimdonoa Kabwe. Mayai yakahamishiwa kwenye karai, hita ikasafishwa, ikatiwa maji ikavuja, Kabwe akaiziba kwa risasi iliyoyeyushwa, ikatiwa tena ikatulia. Habari zikaenea mtaani kwamba Mzee anaweka hita. Watu walikuja kushuhudia. Jirani mmoja alimuuliza Baba kama ana homa. Vijana wakamwita Mzee Hita, na jina hilo limemganda mpaka leo, hata wajukuu wanaliona ni la kawaida.

Safari ya tatu Kabwe alitoa sharti moja. Hita ifunguliwe yote tangu mwanzo na isifungwe, kwa sababu joto linaloingia kwa abiria ni joto linalotoka kwenye injini. Tukaondoka Ujiji mchana kweupe, jua kali, na hita inatupulizia miguuni. Sijawahi kutoka jasho namna ile. Gauni langu lilinigandia mgongoni, Baba alikuwa akijifuta uso kwa kofia yake, na tulipofika Mwandiga Bibi akaniambia, "Mwambie baba yako ananipika." Nikasema. Baba akanijibu nimwambie avumilie, akifika juu ataiva. Sikuamini kwamba Baba amemtania mama mkwe wake. Nikamtazama Bibi, nikaona mabega yake yanatikisika chini ya khanga.

Mpando ukaanza. Tukapita doa la kwanza la maji, lilikuwa limebaki alama tu kwenye vumbi jekundu. Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Mshale ukapanda, ukafika mahali ambapo siku zote haukurudi. Nikafumba macho. Pembeni yangu nikamsikia Bibi akisema kwa sauti ndogo, kama anamsindikiza mbuzi mlimani, "Hita, hita," akiliambia gari lipite, au akiyaambia maji, sijui. Nilipofumbua macho mshale ulikuwa umesimama palepale. Haukuongezeka. Kona moja ikapita, na nyingine, mshale ukatetemeka na kushuka kidogo, na huko nyuma kwenye bodi Mama akapiga kigelegele kilichowafanya watoto wa barabarani watukimbilie. Baba akatoa pumzi ndefu.

Halafu baridi ikaanza. Sikuijua baridi kabla ya siku ile. Iliingia kupitia mianya ya milango, na ukungu ukashuka juu ya migomba pande zote mbili, na ile hita iliyotutesa kutoka Ujiji ikageuka kuwa kitu kizuri kuliko vyote duniani. Bibi alisogeza mguu wake mbovu karibu na upepo ule wa moto, akafunga macho. Akaniambia nimuulize baba yangu kama kitu hiki kinaweza kubaki naye. Baba akasema kingebaki, ila tungelala barabarani wakati wa kurudi. Tulicheka wote watatu, mimi katikati, bila kusubiri mtu ampelekee mwenzake kicheko.

Bibi alitaka ashushwe chini ya shamba, sio mlangoni. Mama alimshika mkono huu, mimi ule, na Baba akasimama mbali kidogo kando ya gari, ameinamisha kichwa kama ilivyompasa. Bibi alifika kwenye mti wa kwanza wa kahawa, akauvuta tawi, akachuma punje moja nyekundu, akaifyonza na kutema mbegu. Alikwenda mti wa pili, akautikisa kidogo, akausema kwa Kiha kwamba umekonda. Kisha aligeuka. Khanga ilikuwa imemteleza kichwani na hakuipandisha. Alimtazama baba yangu usoni, kutoka pale shambani, na akamwambia, "Wakoze, mwana wanje." Amemshukuru, amemwita mwanawe. Baba akanigeukia mimi, kwa mazoea, akisubiri nimfikishie. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona hakuna cha kuongeza. Baba akabaki amesimama, kofia mikononi, na mwisho akasema, "Karibu nyumbani, Mama." Jioni ileile walirudi kwenye desturi yao, Bibi akanituma nimuulize baba yangu kama amepata maji ya kuoga, na tangu hapo hakumsemesha tena ana kwa ana mpaka alipofariki, baada ya kuchuma kahawa kwa misimu mingi. Alizikwa kwenye udongo, upande wa juu wa shamba.

Siku hizi kutoka Gungu napanda Kalinzi kwa lami, na ndizi nilizozinunua Mwandiga hazijapata hata kuchubuka. Gari langu halina mshale, lina taa ndogo ambayo sijawahi kuiona ikiwaka, na maji ya rejeta yake yana rangi ya sharubati. Mume wangu humpigia simu Mama kila jioni, humwita mamangu, humtania, humtumia picha za chakula alichokula, na Mama akija kwetu wanakula sahani moja wakigombea kichwa cha mgebuka, samaki wa ziwani kwetu. Binti yangu hajawahi kumpelekea mtu yeyote neno la mtu mwingine, na nilipomsimulia habari za pazia alidhani ninatunga. Sisikitiki. Napenda kumsikia Mama akicheka na mkwewe, na sitamani hata siku moja kurudi kwenye ule mvuke. Ila mume wangu ameshaitwa "mwanangu" na Mama mara nyingi kiasi kwamba ukimuuliza ya mara ya kwanza hakumbuki ilikuwa wapi. Baba yangu aliitwa hivyo na Bibi mara moja tu. Sasa ni mzee, anatembea kwa shida, na kila tunapompeleka Kalinzi hatuingii uani moja kwa moja. Anaomba tusimame chini ya shamba, anashuka taratibu, anakwenda kusimama palepale aliposimama siku ile, na anavua kofia.